Pigo Lililochelewa

Watu wakituuliza tunapiga muziki gani, Nesi huwajibu kwa upole, "Wa kelele," na wengi huridhika hapo hapo. Mimi sina upole huo. Huwaambia si kelele hata kidogo, ni kazi ya fundi, na kila mlio wanaousikia una mahali pake. Wananitazama kama mtu aliyeanza kupandwa na homa, mimi naudhika, na mazungumzo yanaishia hapo.

Tuko wanne. Nesi huhudumia watoto wodini, huwaimbia hadi walale, kisha Jumamosi anakuja kunguruma kwenye maikrofoni mpaka unamwonea huruma koo lake. Lifti, fundi wa lifti za maghorofa, hupiga gitaa na ndiye mtunzi wetu. Mdogo wangu ni fundi vioo na hupiga dramu. Mimi nachonga funguo, na ndiyo sababu wenzangu wananiita Funguo. Kazi yangu kwenye bendi ni gitaa la besi. Tunafanya mazoezi mchana katika stoo ya magodoro ya mjomba wake Lifti, kwa kuwa magodoro yanameza sauti. Mjomba mwenyewe hukaa dukani mbele, na mteja akishtuka humwambia, "Usijali, wanajaribu jenereta."

Muziki wenyewe ni metali, ule wa magitaa mazito yanayonguruma, lakini wa upande wa wendawazimu. Unatikisa kichwa mara tatu, ya nne unakuta mdundo umeshahama nyumba. Lifti hutunga vipande vilivyokatwakatwa: mapigo matatu, matatu, mawili, kisha manne, kisha matatu tena, kwa kasi ambayo vidole vya mtu mzima vinaomba radhi. Kuvishika kichwani ni taabu, kwa hiyo tunavihesabu kwa vitu vya sokoni. Karoti ni tatu. Nyanya ni mbili. Maharage ni nne. Ukipita nje ya stoo kabla hatujawasha spika, utasikia watu wazima wanne wakipiga kelele kwa hasira, "Karoti, karoti, nyanya, maharage, karoti!" na utadhani tunagombana na muuza mboga.

Kwa nini naupenda? Kwa sababu ya baba yangu, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuusikia.

Baba alikuwa mchora mabango ya maduka. Alivuta mstari ukutani bila rula, na ukimletea rula akapima anakuta mstari wake ndio ulionyooka. Kisha mkono wake wa kushoto ukaanza kuchelewa. Akitaka kushika kopo la rangi, vidole vinafika baadaye, kama mtu aliyeitwa mara mbili. Ikaja zamu ya miguu, ikaja zamu ya ulimi, zikaja hasira ambazo hazikuwa zake. Mwishoni mwili wake wote ulikuwa ukirukaruka kitini bila ruhusa yake, na hakuna aliyeweza kukisia utaruka wapi. Daktari alituambia ugonjwa ule hurithiwa. Kwa kila mtoto ni nusu kwa nusu, ama ameupata au hakuupata. Kipimo kipo. Mimi na mdogo wangu tulikikataa. Tulisema tutaishi tu, na yakija yatatukuta. Watu husema maneno ya aina hiyo wakiwa vijana na wameshiba.

Baada ya kuishi na mwili ule, nilipousikia muziki huu mara ya kwanza nililia. Kila mtu chumbani alikuwa ameziba masikio, mimi nalia. Ilikuwa fujo ileile, mirukoruko ileile, lakini hii ilikuwa fujo yenye adabu. Kila ruko lilikuwa limekusudiwa. Ukirudisha wimbo mwanzo, linaruka tena palepale. Nikajisemea hiki ndicho ninachotaka kukifanya kwa mikono yangu muda wote itakaponitii, na mdogo wangu, bila kuambiwa sababu, akanunua dramu kuukuu.

Mama hajawahi kutuuliza kitu kuhusu mikono yetu. Yeye hutumiminia chai hadi ukingoni kabisa, kisha anakaa kando na kutazama. Tunajua anachokitazama, naye anajua kwamba tunajua, na chai inanyweka. Siku hizi kikombe cha mdogo wangu ndicho kinachojazwa pomoni. Changu kinaishia katikati. Nilimtania, "Mama, kwani huyu ndiye anayekulipia umeme? Mbona mimi nanyimwa chai?" Akacheka kidogo na kusema majani yamekaribia kwisha.

Mambo yalianzia kwenye wimbo tunaouita Ule Mrefu, maana jina la kweli Lifti bado hajalipata. Katikati yake kuna mahali ambapo sote tunakata sauti ghafla, kisha tunatua pamoja kwenye maharage, mapigo manne mazito. Jumamosi hiyo gitaa lilitua peke yake. Mimi na mdogo wangu tulitua baada yake, kwa tofauti ndogo sana, kisha tukakimbia tukalikuta mbele.

Lifti aliinua mkono kutusimamisha. "Ngoja, ngoja. Nani kafanya hivyo?"

Nilimgeukia mdogo wangu. Besi hufuata dramu, ndiyo kazi yake, na sisi wawili tumefuatana tangu tukipiga masufuria ya Mama kwa miko. Dramu ikichelewa, mkono wangu unachelewa nayo kabla kichwa changu hakijapata habari. Kwa hiyo nilimtazama yeye. Naye alinitazama mimi, kisha akainamisha macho kwenye fimbo zake.

"Ni mimi," akasema. "Nimejaribu kitu."

"Hicho kitu kiache hapohapo!" Lifti alikuwa ameshasimama juu ya godoro kwa furaha. "Umesikia lile shimo? Ni kama unashuka ngazi gizani, halafu kidato hakipo. Tumbo limenipanda hadi hapa. Nesi, umelisikia?"

"Nimelisikia," Nesi akasema. Hakuwa amesimama juu ya kitu chochote.

Bendi nyingine, mtu akikosea anatazamwa kwa jicho baya. Sisi tukamjengea kosa nyumba. Tulikaa mchana kutwa tukijifunza kuchelewa kwa kiasi kilekile, Lifti na gitaa lake, Nesi na pumzi yake, mpaka shimo likawa sehemu ya wimbo na ukiliondoa ungesema wimbo umeharibika. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilikuwa nimefika mlangoni, natafuta ufunguo mfukoni, ndipo wazo likanigonga: mdogo wangu hajawahi kujaribu kitu bila kuniambia kwanza. Hata rangi ya shati huniuliza.

Tangu hapo nikawa naishi roho juu juu.

Jumamosi iliyofuata lilitokea shimo jingine, kwenye wimbo mwingine. Iliyofuata mawili. Kila mara Lifti anauliza nani, kila mara mdogo wangu anasema, "Mimi," na Lifti anamsifu kwamba amekomaa. Mimi nikawa na kanuni yangu kichwani, na kadiri nilivyoipima ndivyo nilivyozidi kuogopa. Ubunifu hukaa ulipowekwa. Ukimwambia mtu arudie, anarudia. Haya mashimo yalikuwa yanahama. Tukirudia kipande kilekile, mara linakuwepo, mara halipo, mara limesogea hadi kwenye karoti. Muziki wetu watu wanauona vurugu, lakini sisi tunaoupiga tunajua kitu kisichoweza kurudiwa si chetu. Kile nilikuwa nimeshakiona nyumbani, kitini, kikimtikisa baba yangu.

Nikaanza kumkagua mdogo wangu. Nilikwenda karakana yake nikijitia napita tu. Alikuwa anakata kioo kikubwa cha dirisha. Aliweka rula, akashika kile kisu chenye ncha ya almasi, akavuta mstari mmoja kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeibana rula. Macho yangu hayakutoka kwenye mkono wa kushoto. Kioo kikalia, akakigonga chini kidogo, kikaachana vipande viwili safi.

"Dada, umekuja kununua kioo au kunitazama?"

"Nakutazama. Ni marufuku?"

"Hapana," akasema, akafuta mikono kwenye suruali. "Tazama tu. Na wewe kazi inaendaje?"

Hilo nalo lilikuwa swali lake jipya. Alikuwa ameanza kuja kibandani kwangu mara kwa mara na funguo za kuchonga: wa karakana, wa kabati, wa geti la jirani. Anasimama mbele ya mashine, anakaa kimya, anatazama nikibana ufunguo kwenye jiliwa na kuusugua kwa tupa. Nilimuuliza, "Kwani una milango mingapi, we bwana? Umenunua gereza?" Akacheka. Mmoja aliurudisha, haukufungua. Nikauchonga tena, nao ukarudi. Nikalaani vyuma vya siku hizi, maana si yeye tu, wateja wengine pia walikuwa wamenirudishia funguo, na muuza vyuma nilimpigia simu nikamtukana hadi akanikatia.

Kichwani nilikuwa nimeshapata jibu la kwa nini anakuja. Anaogopa. Anataka kuniambia, anafika mbele ya mashine, maneno yanamkwama. Nilimwonea huruma mpaka usingizi ukanipaa. Mimi ndiye mkubwa. Baba alipoanguka mara ya kwanza, mimi ndiye niliyemfunika mdogo wangu macho. Nikapiga moyo konde kwamba nitamwambia mimi, ila baada ya kurekodi. Nilitaka sauti yake ibaki mahali fulani ikiwa nzima.

Siri ilinielemea, nikaimwaga kwa Nesi tukiwa tunasubiri wenzetu wafungue stoo.

"Mtazame mdogo wangu," nikamwambia. "Mkono wa kushoto. Wewe ni mtu wa hospitali, utaona."

"Nimeshamtazama, dada yangu. Mkono wake uko sawa."

"Tazama tena."

"Nimetazama sana," akasema, akanishika kiganja changu akakikunja na kukikunjua polepole, kama anavyowafanyia watoto wake wodini. Nilidhani ananifariji. Nikamshukuru.

Siku ya kurekodi, fundi sauti alikuja na kompyuta yake na lundo la nyaya, akazitandaza katikati ya magodoro. Alikuwa mtu mtulivu mwenye kofia ya sufu, aliyezoea kurekodi kwaya, na tulipompigia kipande cha kujaribu alivua kofia akaivaa tena. Alitueleza utaratibu. Tutapiga pamoja, lakini kila chombo kitaingia kwenye njia yake peke yake. Na masikioni sote tutakuwa na mlio wa kuhesabia, tik, tik, tik, usiochelewa wala kuwahi.

Njia yake peke yake. Katika stoo ile mdogo wangu alikuwa amejificha nyuma ya kelele zetu, na sasa kelele zingeondolewa mojamoja kama nguo. Nikamsogelea nikamnong'oneza, "Ukichoka sema. Hata leo tukiacha, hakuna ubaya."

"Mimi sijachoka, Dada," akasema. "Wewe je?"

Tukapiga Ule Mrefu. Sijui niwaelezeje watu wasiopiga. Wimbo ukiwa umekaa sawa, huhesabu tena, karoti na nyanya zinapotea na vidole vinajua njia. Ni kama kukimbia katikati ya gari zinazokwenda kasi na hakuna hata moja inayokugusa. Hofu inakuwepo, lakini inakubeba. Kwa muda nilimsahau hata baba yangu. Kisha tukakata sauti, tukatua kwenye maharage na lile shimo letu maarufu, Nesi akanguruma, na Lifti akapiga ukelele kwa raha. Tulipomaliza, jasho lilikuwa limenilowesha hadi soksi.

"Ile sehemu ya shimo," Lifti akamwambia fundi sauti, "nataka kuisikia kwa karibu. Nataka niongeze gitaa la pili juu yake. Nitolee dramu peke yake."

"Sikiliza yote pamoja," nikadakia. "Peke yake haina ladha."

"Funguo, kwani dramu ni zako?"

"Nimesema haina ladha!"

Sauti yangu ilipanda kuliko nilivyotaka. Lifti alinikata jicho, fundi sauti akasubiri kuona nani mkubwa hapo, na mdogo wangu, aliyekuwa bado ameketi nyuma ya dramu, akasema taratibu, "Acha, Lifti. Dada amesema tuache, tuache."

Ningekubali hapo mambo yangekwisha. Lakini aliyasema kwa unyonge uliokata moyo wangu vipande, na nikaona siwezi tena. Bora tujue. Nikamwambia fundi sauti, "Weka."

Akaweka. Spika zilitoa dramu tupu pamoja na ule mlio wa kuhesabia. Nilifumba macho nikasikiliza mkono wa kushoto, ule unaopiga dramu ndogo, nikisubiri uchelewe. Haukuchelewa. Ulikuwa juu ya mlio, kila pigo. Mkono wa kulia kwenye matoazi, juu ya mlio. Tukafika kwenye ukimya, tukatua, na mikono yote miwili ikatua mahali pake hasa, haina hata chembe ya shaka. Ni mguu tu, ule unaopiga dramu kubwa, ndio ulioingia baadaye, kwenye shimo letu.

"Mikono imefika," fundi sauti akasema, akionyesha mawimbi kwenye kioo cha kompyuta. Alikuwa anazungumza kama mtu anayeeleza bomba linalovuja, bila nia mbaya. "Mguu ndio unasubiri. Ona hapa tena, na hapa, mbali na hilo shimo lenu. Kila ukichelewa, ni kama unamsubiri mtu."

"Unamsubiri nani?" Lifti akauliza.

Fundi sauti hakujibu. Alifungua njia ya pili chini ya ile ya dramu, akaziweka sambamba. Ilikuwa besi. Ilikuwa mimi. Pigo langu lilianguka nyuma ya mlio, na mguu wa mdogo wangu ulianguka nyuma yangu, karibu sana, kama mtu anayekimbia kumdaka mwingine asianguke. Akasogeza mbele. Besi imechelewa, mguu umeifuata. Akasogeza mbele tena. Kulikuwa na mahali ambapo sikuwa na habari napo kabisa, katikati ya kasi, ambapo nilikuwa nimeteleza na mguu wake ukateleza nami, na kelele za wengine zikatufunika.

"Nisikie besi peke yake," nikasema.

"Dada," mdogo wangu akasema.

"Nimesema nisikie."

Nikajisikia. Nilisikia vidole vyangu vya kushoto vikiitwa mara mbili.

Mjomba alichungulia kutoka dukani, akaona nyuso zetu, akarudi. Nilikuwa naogopa, ila kilichotangulia kutoka ni hasira, na nilimgeukia mdogo wangu kama ndiye aliyenitia ugonjwa.

"Tangu lini?"

"Tukae kwanza."

"Sikai! Nakuuliza tangu lini unanifanya mjinga?"

"Tangu siku ile ya kwanza. Ulichelewa, mguu wangu ukakufuata wenyewe." Alikuwa amesimama sasa, fimbo bado mkononi. "Lifti aliuliza nani. Nikaona unanitazama mimi, na uso wako una hofu, na nikajua hujui. Ningesema nini, Dada? Mbele za watu? Nikasema mimi."

"Na hizo nyingine zote?"

"Nilijifunza kukusikiliza mapema. Kamba inatoa mlio mdogo kabla hujaipiga, kidole kikiigusa. Nikiusikia umechelewa, nazuia mguu. Nikifika pamoja nawe, inaonekana tumekusudia."

"Na zile funguo? Geti la jirani?"

"Nilitaka kuona kama ni besi tu."

Nilikaa. Godoro lilikuwa bado na nailoni yake, likapiga kelele chini yangu. Nilijitazama mkono wa kushoto ukiwa umelala pajani, umetulia, mkono wa mtu mzima mwenye afya, na nikauchukia. Nimekwenda kumkagua mtu kwenye karakana yake, nimelala macho kwa ajili yake, nimepanga hadi maneno ya kumwambia, na muda wote ule yeye alikuwa ananibeba mgongoni na mimi namhurumia kwa kutembea ameinama.

"Ulipaswa kuniambia," nikasema. Hasira ilikuwa imeanza kuniishia.

"Najua."

"Mimi ningekuambia."

"Hukuniambia," akasema. "Ulidhani ni mimi, na wewe pia ulinyamaza."

Alikuja akakaa kando yangu, akaweka fimbo chini, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele yetu. Ilikuwa imetulia tuli.

"Nikuambie jambo baya?" akasema kwa sauti ya chini, lakini stoo ile haina mwangwi na kila mtu alisikia. "Kila nilipofaulu kukufuata, nilifurahi. Nilijiambia, basi mimi bado naweza. Wewe unateleza, na mimi nafurahia mguu wangu. Kisha nikirudi nyumbani najiona mchawi."

Nilimpiga kibao kidogo kisogoni, kama zamani alipokuwa akimwaga uji. Sikuwa na namna nyingine ya kumwambia kwamba nimemsamehe, na kwamba nami, nilipodhani ni yeye, mahali fulani ndani yangu nilikuwa nimeshusha pumzi.

Nesi alikuja akachuchumaa mbele yetu. "Jumatatu sina zamu," akasema. "Nitakupeleka mwenyewe. Kuchelewa huku kunaweza kuwa mambo mengi, kunaweza kuwa mshipa wa shingo tu kwa kuinamia hiyo mashine. Ila upimwe."

"Ulijua, wewe."

"Nilikisia. Nikakushika mkono, ukanishukuru." Akatikisa kichwa. "Nikaishiwa maneno."

"Naenda," nikasema.

"Twende wote," mdogo wangu akasema.

"Wewe hakuna anayekulazimisha."

"Sijasema nalazimishwa."

Fundi sauti, aliyekuwa amejikunyata nyuma ya kompyuta yake kama mtu aliyeingia msiba asioujua, akakohoa. Alisema kwamba, kama tunapenda, anaweza kuyasogeza mapigo ya besi kwa kompyuta yakae mahali pake. Ni kazi ndogo, na hakuna sikio litakalogundua.

Lifti aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa umelowa. "Haiwezekani," akasema. "Mimi nimeshajifunza hivyo. Nesi naye. Ukimnyoosha yeye, sisi ndio tutakuwa tumekosea." Alijipangusa kwa mkono wa shati. "Nilisema ni tamu. Nilipanda juu ya godoro."

Nilicheka. Sikutarajia, lakini nilicheka hadi mbavu zikauma, maana ilikuwa kweli tupu: watu watatu wazima walikuwa wamekaa Jumamosi baada ya Jumamosi wakijifunza ugonjwa wangu kwa usahihi, na kuupigia makofi. Lifti akaanza kucheka naye huku analia. Kisha kicheko kikaisha, na kilichobaki stooni ilikuwa ile hofu, sasa ikiwa yangu mimi.

Nikainuka, nikavaa mkanda wa besi.

"Tuipige tena," nikasema. "Ilivyotungwa mwanzo. Bila shimo."

"Dada, leo tupumzike."

"Leo. Jumatatu nitaambiwa na daktari, lakini leo nataka kusikia mwenyewe." Nikamtazama. "Na wewe usinifuate."

"Siwezi."

"Utaweza. Mguu wako uweke kwenye mlio, uuache huko. Nikifika nimefika. Nisipofika, wewe endelea."

"Dada, tafadhali."

"Mimi ni mkubwa wako," nikasema, "na sijakuomba."

Alirudi nyuma ya dramu akiburuta miguu. Nesi akashika maikrofoni. Lifti akatuhesabia kwa sauti iliyokwama, karoti, karoti, nyanya, na tukaingia. Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Nilikaza macho kwenye vidole vyangu vya kushoto nikivisihi kama watoto, na kwa muda mrefu vilinisikia. Tulipita sehemu ya kwanza, tukapita ile ya kasi ambayo nilikuwa naiogopa zaidi, na nikaanza kuamini kwamba labda ni shingo tu. Kisha sote tukakata sauti. Katika ukimya ule nilimsikia mdogo wangu akivuta pumzi. Nikapeleka mkono, na kabla haujafika, dramu yake ilishapiga, imara, mahali pake hasa, na ikaendelea kwenda mbele bila mimi, kama nilivyomwagiza.